Wiki Nairobi nikifuata bakteria wa tumboni mwa nyuki

Jumapili jioni

Nimefika salama, niko kwa shangazi hapa Githurai 44, nimeoga nimekula na sasa naandika kama nilivyoahidi kikundi. Kwa wale ambao hawajafuata hii story, kule kwetu Mwingi kuna unga wa antibiotiki umeanza kuuzwa kwa maduka ya dawa za mifugo, unachanganya na maji ya sukari unawekea nyuki, ati mzinga unapata nguvu na asali inaongezeka. Watu wameanza kununua na siwalaumu, ukame umetuchapa na mizinga mingi imehamwa. Lakini mimi nikasema kabla hatujaweka dawa kwa mizinga ambayo wazee wetu hawajawahi kuitia kitu, hebu tuulize wenye wanajua ndani ya tumbo la nyuki kuna nini. Nikapata nafasi ya kukaa na vijana wa maabara wanaosoma jenomu, yaani DNA yote, za bakteria wanaoishi ndani ya wadudu wachavushaji. Nimekuja na swali moja tu: tuwape ama tusiwape.

Shangazi nimemletea asali ya Nguni, ameonja akanyamaza, akachukua kijiko cha pili.

Jumatatu

Matatu mpaka Roysambu, ingine mpaka Kasarani, jam ya asubuhi mnaijua. Huku Kasarani ndiko iko icipe, ile taasisi ya wadudu iliyoanzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na ndani yake 2014 kukafunguliwa maabara ya afya ya nyuki ya kutumikia Afrika. Nilipita nje ya geti nikasimama kidogo kuangalia. Mtu alikaa hapa Kenya akaona wadudu ni kazi ya kufanywa na Waafrika wenyewe, miaka hamsini na kitu iliyopita, mimi hiyo kitu inanishika. Maabara ya wenyeji wangu ni ndogo na iko mbele kidogo, vyumba vitatu, frija zimepangwa hadi kwa korido.

Leo ilikuwa kukaa na kuelezwa. Dada anayenisimamia, tumwite Daktari kwa sababu karibu anamaliza hiyo digrii, alianza kwa kuniambia kitu sikuwa najua kabisa: sisi binadamu tumbo letu lina mamia ya aina za bakteria, lakini nyuki wa asali mfanyakazi anabeba aina chache sana, nane au tisa hivi, na kati yao tano wanapatikana karibu kwa kila nyuki mfanyakazi popote duniani, awe wa Kenya, wa Marekani ama wa Uswisi. Chache kwa aina lakini kwa idadi wanafika karibu bilioni moja ndani ya nyuki mmoja mkubwa. Wawili ndio nimeshika majina kwa sababu kila mtu hapa anawataja kama majirani. Snodgrassella alvi na Gilliamella apicola. Walipewa hayo majina rasmi 2013, mmoja kwa heshima ya Robert Snodgrass aliyechora viungo vya wadudu, mwingine kwa heshima ya Martha Gilliam aliyetumia maisha yake kuchunguza vijidudu vya nyuki. Wengine watatu ni jamaa za lactobacillus makundi mawili, na bifidobacterium, ndugu za wale wa maziwa lala.

Halafu akauliza, unafikiri nyuki anazaliwa nao? Nikasema ndio. La. Nyuki anapotafuna kifuniko cha nta na kutoka kwa seli yake tumbo lake ni kama tupu. Anawapata kwa dada zake na kwa masega, kwa kugusana na kwa mavi ya wakubwa, na kwa siku nne tano sita za kwanza tumbo linajaa. Hapo nikaelewa mara moja kwa sababu nimelelewa na kibuyu: kibuyu cha maziwa hakioshwi kabisa, yale mabaki ndiyo yanagandisha maziwa ya kesho, ukikisugua na sabuni umeanza upya na hujui utapata nini. Daktari akaipenda, akasema ataiiba atumie darasani.

Kwa hivyo hii ni urithi, lakini sio wa mama kwa mtoto, ni wa dada mkubwa kwa dada mdogo, kizazi baada ya kizazi ndani ya mzinga. Na ni wa zamani mno. Wataalamu wakilinganisha jenomu za hawa bakteria kutoka kwa nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma na wale nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, wanaona ukoo unaorudi nyuma karibu miaka milioni 80, wakati babu wa hao nyuki wote alikuwa mmoja. Wale wanene hatuna huku, kusini mwa Sahara hawapo, lakini nyuki wadogo tunao wengi tu na ndugu zangu wa Kakamega wanawajua vizuri kuliko sisi.

Jumanne

Siku ya shamba. Tulivuka mji wote mpaka Lang'ata kwa mzee mmoja mstaafu mwenye mizinga ya top-bar nyuma ya nyumba, upande unaoelekea mbugani. Top-bar kwa wasioijua ni ile mzinga wa vijiti juu uliotengenezwa hapa hapa Kenya miaka ya sabini, na mzee anaujua kila kijiti. Tulimsalimia, tukapewa chai kwanza, hiyo hairukwi, akatuuliza tunataka nyuki wangapi na wa nini, na Daktari akamweleza polepole bila kumfichaficha kwamba hao nyuki watakufa. Mzee akafikiria. Akasema sawa, chukueni wale wazee wa mlangoni, msichukue wa ndani wanaolea. Yaani kwa kuangalia tu anajua nani anafanya kazi gani.

Moshi kidogo, chupa mdomoni mwa mzinga, nyuki wakaingia, chupa ikaenda kwa barafu, wakalala. Tukafanyia kazi kwa meza ya veranda ya mzee kwa sababu Daktari anataka tumbo litolewe likiwa bichi. Unamshika nyuki kifua na kibano, kibano kingine unashika ncha ya mwisho kabisa ya tumbo pale kwa mwiba, unavuta taratibu, na utumbo wote unatoka mzima umenyooka. Nimechunga nyuki tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuona hiyo. Kwanza kile kifuko cha asali, kinang'aa, ndicho anachobebea mbochi kuleta nyumbani. Halafu tumbo la kati lenye mikunjo, kahawia. Halafu kipande chembamba kifupi, na mwisho kifuko cha manjano ya machungwa kimejaa maganda ya chavua.

Daktari akaonyesha kwa ncha ya kibano: kwa kifuko cha asali na tumbo la kati bakteria ni wachache, mji wenyewe uko nyuma. Pale kwa kipande chembamba Snodgrassella wamejibandika ukutani kabisa wamefanya kama zulia, na juu yao wamelala Gilliamella. Kwa kifuko cha manjano ndio wako wale wa lactobacillus na bifido wakivunjavunja mabaki ya chavua. Kila mmoja na mtaa wake. Mzee alikuwa ameinama hapo karibu, miwani imeshuka, akauliza swali bora kuliko yangu yote ya jana: sasa huyu wa ukutani anakula nini kama chakula kinapita katikati? Daktari akamwambia mzee hiyo ndio jenomu ilituambia, ngoja kesho huyu atakuandikia. Kwa hivyo mzee hii ya Jumatano ni yako.

Jioni tukarudi Kasarani kupanda. Utumbo unasagwa kwa maji ya chumvi, unapakwa kwa sahani zenye damu ya kondoo, na kwa sababu hawa bakteria hawataki hewa kali wanawekwa ndani ya mtungi na mshumaa unaowaka, unafunika, mshumaa unakula oksijeni unazimika wenyewe na kuacha kaboni dayoksaidi. Mashine ya bei ya kazi hiyo ipo lakini iko na foleni, mshumaa unafanya. Joto digrii 35, sawa na katikati ya mzinga. Siku mbili tatu ndio utaona vidoti.

Jumatano

Vidoti vyetu bado, kwa hivyo leo tulisoma bakteria waliooteshwa na kundi lililotutangulia. DNA ilikuwa tayari imetolewa, tone dogo kama la machozi kwa kijichupa. Inawekwa kwa kamashine ka Oxford Nanopore, kanatoshea mkononi, kanachomekwa kwa laptopu. Ndani kuna utando wenye vitundu vidogo mno, umeme unapita kwa kitundu, uzi wa DNA ukipita hapo umeme unayumba, na kila herufi inayumbisha kivyake. Laptopu inasoma huko kuyumba inaandika A, C, G, T. Nilikaa nikiangalia skrini saa nzima bila kusema kitu. Saa sita stima ikapotea mtaa mzima, tukashika pumzi, lakini betri zilishikilia hadi ikarudi.

Vipande vikishasomwa programu inaviunganisha, na bakteria kama amesomwa vizuri unapata duara moja lililofunga. Snodgrassella wa kwanza kusomwa kikamilifu, wa nyuki wa Marekani, ana herufi kama milioni 2.5. Gilliamella milioni 3.1. Hiyo ni kidogo ukilinganisha na E. coli wa matumbo yetu mwenye milioni 4.6, lakini bado ni bakteria kamili, anajitegemea kiasi.

Sasa jibu la mzee. Ukisoma jeni za Snodgrassella unatafuta zile za kuvunja sukari, hazijakamilika. Anaishi ndani ya mdudu anayekula sukari maisha yake yote na yeye mwenyewe hawezi kuila! Gilliamella kwa upande wake amejaa jeni za kubeba sukari na kuivunja bila oksijeni, na anachotupa nje ni asidi. Snodgrassella anachukua hizo asidi ndio chakula chake, na anazichoma kwa oksijeni inayovuja kutoka kwa ukuta wa utumbo, kwa hivyo anaimaliza ile oksijeni ambayo ingewasumbua wenzake. Mmoja analisha, mwingine anasafisha hewa. Haya yote yaliandikwa kwa jenomu zao, ikatoka 2014, na majaribio yakaja kukubaliana nayo.

Na sio hayo tu. Baadhi ya Gilliamella wana jeni za kukata pektini, ile gundi ya ukuta wa chavua, nyuki mwenyewe hana uwezo huo. Wengine wanaweza kula sukari kama manozi, arabinozi na zailozi ambazo ni sumu kwa nyuki, yaani wanamkinga na chakula chake mwenyewe. Nimesema baadhi kwa makusudi. Ndani ya mzinga mmoja unapata Gilliamella wengi wenye jina moja na jeni tofauti, huyu ana vifaa vya pektini, yule hana. Kwa hivyo ukipoteza nusu yao unaweza kuangalia kwa jina ukaona bado wapo, kumbe wale wenye kazi fulani ndio wameenda. Hii sentensi niliiandika kwa daftari nikaipigia mstari.

Ile duara ya sampuli yetu ilipofunga watu walipiga makofi hapo ndani. Inakaribiana sana na ya Marekani kwa mpangilio, lakini kuna sehemu haifanani na chochote walichokuwa nacho cha kulinganisha. Inamaanisha nini itachukua muda. Mimi kilichoniuma ni kwamba nyuki wetu wa aina ya scutellata wako milioni nyingi na wa aina ya monticola wako juu milimani, na kipimo tunachotumia kuwapima ni bakteria wa mzinga wa ng'ambo.

Alhamisi

Leo fupi. Vidoti vimeota! Vidogo, vyeupe, vinameremeta. Baadhi vikahamishiwa sahani mpya.

Mchana tukaenda Runda kwa boma la mtu lenye mkuyu mkubwa kando ya mto, alituruhusu kuchukua matunda machache. Nilikuwa naujua mkuyu kama kivuli na mahali pa kuheshimu, sikuwa najua una mchavushaji wake, nyigu mdogo kuliko chungu sisimizi anayeitwa Ceratosolen arabicus. Jike anapenya kwa tundu la mbele ya tunda kwa nguvu hadi mabawa yanakatika, anaingia na chavua, anachavusha maua yaliyo ndani, anataga, anafia humo. Madume hawana mabawa, wanatoboa njia ili majike wapya watoke. Misri ambako mkuyu ulipelekwa zamani bila huyo nyigu watu walilazimika kukata tunda kwa kisu ndio liive.

Nyigu wa matunda haya mara nyingi wanabeba Wolbachia, na huyu ni bakteria wa namna ingine kabisa. Haishi utumboni. Anaishi ndani ya seli, anapita kwa yai kutoka mama hadi mtoto, nje hawezi. Aligunduliwa 1924 kwa mbu. Jenomu ya kwanza ya Wolbachia, wa nzi wa matunda, ikatoka 2004, herufi milioni 1.27, nusu ya Snodgrassella, na imejaa jeni zinazorukaruka na kujirudia. Wapo waliopungua zaidi, Buchnera wa vidukari amebaki na herufi kama 640,000 tu. Daktari anasema ukifungiwa ndani ya seli kila kitu unaletewa, jeni usizotumia zinaoza taratibu zinapotea. Bakteria wa nyuki hawajafika huko kwa sababu kila kizazi wanatoka nje kidogo, wanapita kwa masega, wanagusa hewa, lazima wajue kuishi. Hiyo inawapa nguvu na pia inawaacha wazi kwa chochote tunachomwaga mzingani.

Ijumaa

Nilimwambia Daktari leo sitoki hapa bila jibu. Akafunga mlango wa ofisi tukakaa.

Kwanza, ule unga. Nilikuwa nimebeba pakiti tupu, akasoma nyuma: oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Akasema hiyo imetumika kwa nyuki Marekani tangu miaka ya hamsini kwa ugonjwa wa kuoza kwa mabuu. 2012 watu wakasoma DNA ya matumbo ya nyuki wa huko wakakuta jeni za kuhimili tetrasaiklini zimejaa kwa bakteria wao, lakini nyuki wa Uswisi, Ucheki na New Zealand, ambako hiyo dawa haitumiwi kwa nyuki, walikuwa nazo kidogo sana. Miaka hiyo yote imebaki imeandikwa tumboni.

Pili, 2017 nyuki walipewa tetrasaiklini halafu wakarudishwa mzingani. Bakteria wao walipungua sana, na waliopewa dawa walikufa zaidi kuliko wenzao, na wakipatana na bakteria wabaya kama Serratia walianguka haraka. Kwa sababu hao wa tumboni ndio wanazuia nafasi, na pia ndio wanaamsha kinga ya nyuki. Kuna majaribio ya kulea nyuki bila bakteria kabisa, wanakua wepesi, hawaongezi uzito kama wenye bakteria.

Tatu, na hii ni ya wale wanaopulizia magugu karibu na mizinga: glaifoseti inaua mmea kwa kuziba kimeng'enya fulani. Nyuki hana hicho kimeng'enya kwa hivyo tukaambiwa haimgusi. Lakini Snodgrassella anacho, jenomu inaonyesha, na 2018 ikathibitishwa kwamba nyuki wanaokunywa glaifoseti wanabaki na Snodgrassella wachache.

Nikauliza, na mtu akiwa kweli na ule ugonjwa wa mabuu? Akasema dawa hata hivyo haiui mbegu za ule ugonjwa, inazificha tu, ukiacha unarudi, na kukiwa na dalili unaita afisa wa mifugo achukue sampuli, sio kununua unga. Na mizinga yetu iliyohamwa? Hiyo ni njaa na kiu, nyuki wa huku huhama wakikosa maua na maji, hakuna antibiotiki ya kuleta mvua. Varroa mwenyewe, yule kupe mdogo wa nyuki, alionekana Kenya 2009 na nyuki wetu wanaendelea kuishi naye bila kutibiwa, wakati wa ng'ambo wanatibiwa kila mwaka.

Kuna watu wamefika mbali, 2020 huko Texas walimbadilisha Snodgrassella mwenyewe akawa anatengeneza kinga ndani ya tumbo la nyuki dhidi ya varroa na dhidi ya virusi vinavyoharibu mabawa ya nyuki. Ni kazi ya kusifiwa kweli. Lakini ili uweze kuitumia hata siku moja lazima huyo bakteria awe bado yupo na uwe unamjua.

Kwa hivyo jibu langu kwa kikundi ni tusiwape. Nimetuma voisi noti usiku huu, dakika nyingi, mnisamehe. Mwenyekiti ameshajibu tayari: wenye pakiti zisizofunguliwa wazirudishe Jumatatu, pesa isiporudi kikundi kitachanga.

Jumamosi

Niko Country Bus nasubiri gari lijae. Kwa begi nina vijichupa vyenye kilevi cha kuhifadhia, maabara imetupa kwa sababu wanataka nyuki wa mizinga ya magogo ambayo haijawahi kuona dawa, na wa Mwingi hawana hata mmoja. Tutafanya hivi. Kila mzinga nyuki kumi, wale wazee wa mlangoni kama mzee wa Lang'ata alivyosema, asubuhi kabla jua halijawa kali. Usichanganye mizinga kwa chupa moja. Andika kwa penseli, kalamu ya wino inafutika kwa kilevi: jina la kijiji, aina ya mti mzinga umetundikwa, na maua yaliyo karibu wakati huo. Kama mzinga ulishapewa ule unga pia lete, lakini andika wazi, hao nao wanahitajika sana na hakuna atakayekugombeza.

Wa Kyuso na Tseikuru mniambie nani ataanza, nifike na chupa zenu Jumatano.